Watoto wa Mji Kasoro Bahari waifuata bahari Dar

Wiki hii safu yako inapanda treni. Wewe wa Dar unaweza kuruka ukasome udaku wa ukurasa wa pili, lakini nakushauri ubaki, maana leo unasemwa wewe.

Kwetu Morogoro tumepachikwa jina: Mji Kasoro Bahari. Maana yake kila kitu kipo. Milima ya Uluguru ipo, baridi ipo, ndizi na mananasi yapo. Kimekosekana kitu kimoja tu. Jina tamu, lakini lina sumu yake. Kila mgeni anayekuja likizo kutoka Dar anakukumbusha kile usichonacho. Anashuka na miwani yake ya jua, anasema "kule kwetu Coco Beach," na wewe unabaki unameza mate.

Basi bwana, Desemba 2024, tukiwa likizo, kidato cha sita, watu watano tukasema liwalo na liwe. Wavulana watatu, wasichana wawili. Wawili kati yetu hawakuwahi kuiona bahari kwa macho yao. Wa tatu aliiona akiwa mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo hahesabiwi. Mpango ulikuwa rahisi: Jumamosi twende asubuhi, turudi usiku. Na wazazi waliambiwa, msije mkasema safu hii inafundisha watoto utoro.

KOFIA YAZUNGUKA

Zamani kwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo ilikuwa adhabu. Ramani inasema ni kilomita 190 na ushee, lakini basi halijui ramani. Linasimama Chalinze, linatambaa Mlandizi, linapumua Kibaha, halafu linakumwaga Mbezi kwenye kituo cha Magufuli. Kutoka pale mpaka Posta ni safari nyingine na foleni nyingine. Ukifika mjini jua linaaga, nawe unatakiwa ugeuze.

Treni ya umeme ndiyo iliyovunja mwiko huo. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro Juni 2024, na kwa saa mbili hivi unakuwa umefika. Reli ya kwanza ya njia hii walijenga Wajerumani, wakaanza Dar mwaka 1905 na kuingia Morogoro 1907. Babu zetu walisafiri kwa moshi, sisi tunasafiri kwa kiyoyozi.

Nauli ya daraja la kawaida wakati ule ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Kila mtu alijikatia tiketi yake kwa kuhangaika kwake: kuna aliyeuza kuku, kuna aliyefundisha watoto wa jirani hesabu mwezi mzima. Lakini tiketi ni nusu ya safari. Ukishuka stesheni utakula nini, utapanda nini, utaingia wapi? Hapo ndipo urafiki wa vijana wengi unapofia. Mmoja wetu baba yake ana malori. Mwingine mama yake anauza vitumbua soko la Mawenzi. Ukiwaacha hao wawili mjini kila mmoja na mfuko wake, ikifika saa saba mchana mmoja yuko kwenye baga, mwingine yuko nje ya mlango anasema hana njaa. Wewe mwenyewe unajua "sina njaa" hiyo inavyokuwa.

Dada mmoja wa kundi letu akaja na dawa. Siku moja kabla ya safari alileta kapelo, akaizungusha. Kila mtu aingize mkono uliofumbwa, aachie alichonacho, hakuna kuchungulia. Mkono ukitoka, mdomo ufungwe. Alipohesabu zilipatikana shilingi 65,000. Kuanzia dakika hiyo hakukuwa na pesa ya mtu, kulikuwa na pesa ya kofia, na mhazini akawa yeye. Tulimbatiza Gavana wa Benki Kuu. Ndugu msomaji, Gavana huyu alikuwa mkali! Ukitaka hata pipi, unajieleza.

MTO WETU, JIJI LENU

Stesheni ya SGR ya Morogoro ipo Kihonda, si mjini, kwa hiyo amka mapema. Utakaguliwa mzigo na tiketi kama mtu anayepanda ndege, na treni haimngojei mtu aliyesahau chaja.

Siti ilikuwa safi, dirisha kubwa. Ngerengere ikapita, mashamba yakapita, halafu tukauvuka mto Ruvu. Yule mtoto wa mama vitumbua, ambaye ni bingwa wa Jiografia, akagonga kioo. "Salimieni," akasema, "huyu ni wa kwetu." Ni kweli. Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoipa Dar sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Kwa hiyo wewe wa Dar unayetucheka hatuna bahari, kila ukifungua bomba unakunywa Morogoro. Tulicheka behewa zima likageuka.

Baada ya hapo huyo bingwa alinyamaza. Akatazama nje mpaka Pugu. Tukadhani ni usingizi.

Treni inaingia jijini ikiwa juu, inapita kwenye daraja refu, na chini unaona mabati ya Ilala, nguo zilizoanikwa, bajaji, watu, watu, watu. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Dar wakawa zaidi ya milioni 5.3. Ukiwa juu pale unaamini. Paa la stesheni yenyewe limekatwakatwa mfano wa jiwe la tanzanite, na ukitoka nje joto linakukumbatia kama shangazi ambaye hamjaonana siku nyingi.

POSTA KWA MGUU

Siri ya kwanza ya Dar kwa mwenye siku moja: stesheni imekaa pazuri. Posta, Feri na Kariakoo vyote vinafikika kwa mguu au kwa nauli ndogo. Anayekuambia huwezi kuiona Dar bila teksi anataka umlipe yeye.

Tulianza na Sokoine Drive. Kanisa la Mtakatifu Joseph na lile la Azania Front yote yanatazama bandari, yote yalijengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 120 iliyopita. Tukapanda mpaka Samora na Azikiwe, alipo yule askari wa shaba, mnara uliosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Watu wanapita pembeni yake wakiongea na simu, hakuna anayenyanyua macho. Sisi washamba tulisimama. Ushamba una faida zake: unaona vitu ambavyo mwenyeji aliacha kuviona zamani.

Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, na kiingilio cha mwanafunzi hakikumtoa Gavana machozi. Humo limo fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa kama miaka milioni 1.75. Yamo pia magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Mtoto wa malori alilizunguka Rolls-Royce mara tatu akichungulia matairi. Fuvu alilipa sekunde kumi.

Saa sita tulikuwa Feri. Harufu ya samaki ilitangulia, kelele za mnada zikafuata, halafu, nyuma ya mitumbwi na watu, ikatokea yenyewe. Maji mpaka mwisho wa macho. Wale wawili wa mara ya kwanza hawakusema kitu. Mmoja akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. "Kumbe kweli ina chumvi," akasema, kana kwamba mwalimu wa darasa la nne alikuwa akimdanganya miaka yote ile.

Tukapanda kivuko kwenda Kigamboni. Nauli ya mtu wa miguu wakati ule ilikuwa shilingi 200, bei ambayo ilipopandishwa kutoka 100 mwaka 2012 ilizua kelele mji mzima. Kwa mgeni, hakuna burudani ya bei hiyo Tanzania nzima. Unasimama kati ya bodaboda, magunia ya mkaa na wadada wa ofisini, upepo unakupiga, meli kubwa zinapita mlangoni mwa bandari, nyuma yako ghorofa za Posta zimejipanga kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Tukaenda na kurudi.

Tuliporudi Feri tulikaa kwa mama mmoja anayekaanga samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Wa wapi nyie?"

"Moro."

"Ahaa, kasoro bahari! Leo mmeipata. Kaeni."

Samaki mzima, ugali, kachumbari, ndimu. Wote sahani moja aina moja, maana mlipaji alikuwa mmoja, kofia. Hakuna aliyesema hana njaa.

NENO LA BINGWA

Mpango uliobaki ulikuwa Coco Beach. Mihogo ya kukaanga na pilipili, kuogelea, kupiga picha za kuwatambia wa nyumbani. Ndiyo hasa iliyotutoa Morogoro. Gavana alishaanza kuhesabu nauli.

Ndipo bingwa wa Jiografia akasukuma sahani. "Nyie nendeni," akasema. "Mimi naenda Kariakoo. Tutakutana stesheni."

Kariakoo kufanya nini? Akatafuna maneno, kisha akayatema. Kaka yake mkubwa ni machinga Mtaa wa Kongo. Yeye ndiye aliyekuwa akimlipia michango ya shule. Novemba 16 lile ghorofa la Kariakoo liliporomoka, unakumbuka msiba ule, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na uokoaji ukachukua siku kadhaa. Tangu wiki hiyo simu ya kaka haikupatikana. Jina lake halikuwa kwa waliokufa, wala kwa majeruhi. Lakini mama alikuwa halali. Anaamka usiku, anakaanga vitumbua vya kesho saa nane, ilimradi mikono iwe na kazi. Huyu kijana alikuja Dar na sisi kwa sababu hiyo moja tu, na alikuwa ameikalia kimya tangu Kihonda.

Mtoto wa malori aliuliza swali ambalo wengine tuliliogopa: "Kwa nini hukusema?"

"Ningewaharibia safari."

Kimya kikapita. Nitakuwa mkweli, si wote tuliokuwa tayari kuiacha Coco Beach. Dada wa pili alikuwa na vazi la kuogelea ndani ya begi, la kuazima, ameliota wiki mbili. Akauliza kama hatuwezi kugawana, wawili waende huku, watatu kule. Hoja ilikuwa ya haki. Tiketi alijinunulia mwenyewe.

Gavana akaitoa ile kapelo kwenye mkoba, akaiweka mezani. "Humu ndani kuna pesa ya safari moja," akasema. "Sioni kama kuna pesa ya safari mbili." Hakuongeza neno. Dada wa pili akalitazama begi lake, akavuta pumzi, akainuka wa kwanza. Nampa heshima yake mpaka leo, maana yeye ndiye aliyepoteza zaidi.

MLUGURU WA SOKSI

Tukapanda Mwendokasi pale Kivukoni, tukashuka Fire, tukaingia Msimbazi kwa mguu. Kariakoo ilipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa vita ile ile ya askari wa shaba. Mpaka leo ni mji wa kubeba. Nguo zimebebwa mabegani, mabeseni vichwani, viatu vimening'inia shingoni, kila mtu duka linalotembea. Soko kuu lililoungua Julai 2021 lilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Na ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi. Kama hujawahi kusukumwa, nenda Mtaa wa Kongo siku hiyo.

Utamtafutaje mtu mmoja humo, simu haipo, anwani ni "karibu na duka la mabegi," na maduka ya mabegi yako mia? Tulishikana mikono kama watoto wa chekechea. Tukauliza kwa jina lake, hakuna. Tukauliza tena, hakuna. Muuza mikanda mmoja akatupa ufunguo: "Hapa hakuna anayejua jina la mtu. Ni wa kabila gani, anauza nini?"

"Mluguru. Alikuwa anauza mashati."

"Mluguru wa mashati simjui. Kuna Mluguru wa soksi, kona ile."

Alikuwa anatutazama kabla hatujafika. Mwembamba, jasho, soksi pea kumi na kitu mkononi. Mdogo wake akasimama hatua tatu mbali naye. Hakuna aliyekimbia kumkumbatia mwenzake. Kaka alisema tu, "Umekuja na nani?" sauti ikamkatikia katikati.

Habari yake ilikuwa fupi. Mashati yake yote alikuwa ameyahifadhi kwenye stoo karibu na jengo lililoanguka. Eneo likafungwa, vurumai ikawa vurumai, mzigo hakuuona tena. Mtaji wa miaka mitatu. Akauza simu, akanunua soksi, akaanza upya. Alitaka kupiga nyumbani siku atakayokuwa na cha kutuma. Wiki ikawa wiki nyingine.

"Yaani niwaambie nini?" akauliza. "Nipige simu nisemeje?"

Nikampa simu yangu. Aliishika kama kitu cha moto. Mama akapokea mlio wa kwanza. Kaka akasema, "Shikamoo mama, ni mimi." Sisi tulisikia ukimya, halafu kilio, halafu, kwa zile kelele zote za Kongo, swali moja la mama: "Umekula?"

Yule bwana mkubwa akageukia ukutani.

Gavana alitaka kumpa kilichobaki kwenye kofia. Alikataa kata kata. Badala yake alituburuza mpaka kwa muuza juisi ya miwa, akatununulia glasi tano kwa pesa ya soksi, na ole wako ukatae. Kisha akatusindikiza mpaka stesheni kupitia Gerezani, akitufungulia njia kwenye msongamano kwa sauti ya kazi: "Pisha mzigo, pisha mzigo!" Mzigo wenyewe sisi.

HESABU YA MWISHO

Treni ya jioni ilituchukua. Pichani hatukuwa na Coco Beach hata moja. Tulikuwa na askari wa shaba, kivuko, sahani tano za mifupa ya samaki, na picha moja ya kijana mwenye soksi anacheka akiwa na macho mekundu. Kofia ilibaki na shilingi za kutosha bajaji mbili kutoka Kihonda mpaka majumbani, na hilo ndilo Gavana alilokuwa analipigia hesabu tangu asubuhi tulipokuwa tunamwita bahili.

Sasa wewe msomaji unayepanga safari yako ya siku moja na washikaji, chukua haya bure. Nauli ya kurudi ikatwe kabla hujaondoka. Usafiri wa usiku wa huko mwisho uwe na fungu lake. Anza na vya karibu na stesheni, maana jiji lile kwa siku moja halimaliziki. Kofia izunguke, mikono ifumbwe. Chagueni mhazini asiyeona haya kusema hapana.

Na kabla ya yote, kaeni chini mzunguke tena, safari hii kwa mdomo: kila mmoja aseme anafuata nini huko. Mmoja atasema bahari, mwingine viatu, mwingine shangazi. Watu wanaona aibu kutaja haja zao mbele ya wanaokwenda kujirusha, wanaogopa kuitwa waharibifu wa starehe. Bingwa wetu nusura arudi Morogoro na siri yake akiwa na marafiki wanne siti za jirani. Kijana anaweza kukaa na jambo kama hilo na bado akakuchekesha kuhusu mto Ruvu.

Dar watu wanaiita Bongo, kwa kuwa kuishi pale kunataka akili. Nakubali. Ila bongo moja peke yake Mtaa wa Kongo, Jumamosi ya Desemba, isingempata Mluguru wa soksi. Zilitakiwa tano, zimeshikana mikono.

Vazi la kuogelea lilirudishwa kwa mwenyewe likiwa kavu. Dada wa pili anasema Coco Beach haijahama, na kofia nyingine imeshaanza kuzunguka. Wenye mihogo, jiandaeni. Tukutane wiki ijayo.